Mlinzi, Sema Ulichokiona

Andiko kuu: Isaya 21:6, Mathayo 14:22–33
Maandiko mengine: 2 Samweli 18:24–27, Marko 6:45–52, 1 Samweli 1:9–18

Kama ulikuwa nasi ibadani Jumapili iliyopita, huu ni ujumbe uleule, nimeufupisha tu upate kuenea kwenye karatasi. Kama hukuwepo, tafuta Biblia yako, uketi, tusome pamoja.

Sisi ni watu wa kesha. Kila Ijumaa usiku mnakuja hapa na leso zenu, blanketi za watoto na chupa za chai, na tunaomba mpaka alfajiri. Namshukuru Mungu kwa hilo. Kanisa lisilokesha ni nyumba isiyo na komeo. Tunajiita walinzi, na Ezekieli 33 inatuambia mlinzi akinyamaza wakati upanga unakuja, damu ya watu itadaiwa mkononi mwake.

Lakini leo nataka tuulize swali moja. Kazi ya mlinzi ni nini hasa? Ukiuliza watu kumi hapa, tisa watasema ni kumwona adui. Hebu tazama Isaya 21:6. Bwana anamwagiza nabii aweke mtu zamuni, na huyo mtu anapewa kazi moja tu: atangaze kile anachokiona. Hakuambiwa atangaze anachokiogopa. Hakuambiwa atangaze anachokikisia. Alichokiona, basi.

Mpendwa, kati ya kuona na kuogopa kuna nafasi ndogo sana usiku. Na watu wamekufa ndani ya hiyo nafasi.

1. Waliona vizuri, wakasema vibaya

Mathayo 14. Yesu amewalisha watu wengi, kisha akawasukuma wanafunzi waingie chomboni watangulie ng'ambo. Yeye akapanda mlimani kuomba peke yake. Ziwa la Galilaya si bahari kuu, lina urefu wa kilomita 21 hivi na upana wa kilomita 13 hivi. Lakini limekaa bondeni, kama mita 210 chini ya usawa wa bahari, limezungukwa na vilima, na upepo ukishuka pale wavuvi wanajua shida yake. Yohana anasema walikuwa wamepiga makasia kiasi cha stadia 25 au 30, yaani karibu kilomita 5. Upepo ulikuwa wa mbele. Wamechoka.

Mathayo anatupa saa: zamu ya nne ya usiku. Warumi waligawa usiku mara nne. Zamu ya kwanza ilianza saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu, ya pili hadi saa sita, ya tatu hadi saa tisa, na ya nne ni kuanzia saa tisa usiku mpaka kunapambazuka. Yeyote aliyewahi kulinda lango la tajiri, au kuuguza mgonjwa, anaijua zamu ya nne. Ndiyo saa ambayo macho yako wazi na akili imekwenda kulala. Ndiyo saa ambayo gogo linakuwa simba.

Katika saa hiyo wakamwona mtu anatembea juu ya maji. Angalia sana hapa. Macho yao hayakukosea! Kweli kulikuwa na mtu, kweli alikuwa anatembea juu ya maji, kweli alikuwa anakuja kwao. Kilichokosea ni jina. Walilia kwa hofu wakasema ni mzimu. Aliyekuwa anakuja ni Mwokozi wao, wakamwita mzimu.

Na hawa hawakuwa watu wa dunia. Walikuwa wanafunzi. Walikuwa wametoka kuona muujiza jioni ileile, na makombo ya mkate walikuwa wameyakusanya kwa mikono yao. Kwa hiyo usiniambie, "Mchungaji, mimi nimeokoka, siwezi kukosea nikiwa katika maombi." Petro alikuwa ndani ya kile chombo.

2. Pumzi mbili gizani

Wengi wenu mnajua kwamba kabla ya kuitwa katika huduma nilifanya kazi ya bahari miaka 4. Tulikuwa watu watano kwenye mashua ya mita 8, tukivua kwa jarife nje ya mwamba, upande wa kaskazini ya Kilifi. Nahodha wetu alikuwa mzee Mwislamu, mtu wa Lamu, mpole, asiyependa kelele chomboni. Jarife hutegwa jioni, halafu chombo kinakaa nalo usiku kucha. Watu wanalala, mmoja anashika zamu. Kazi ya mwenye zamu ni kuangalia meli kubwa zinazoingia na kutoka Kilindini, maana meli haikuoni, na kumulika tochi zikikaribia. Pia anaangalia maboya ya wavu, upepo na mkondo.

Nahodha alikuwa na sheria moja kwa mwenye zamu. Ukimwamsha ukamwambia, "Mzee, kuna hatari," alikuwa anajigeuza upande wa pili. Alikuwa anasema, "Mwanangu, hatari nitaijua mimi. Wewe niambie umeona nini, iko wapi, inakwenda wapi."

Usiku mmoja wa mwezi wa tisa, kusi limeanza kulegea, mwezi haujatoka, nilikuwa zamu. Ilikuwa yapata saa tisa na nusu. Bahari ilikuwa nyeusi, lakini ni ule weusi ambao maji yakiguswa yanawaka vicheche vya kijani kama vimulimuli. Mara nikasikia kitu kinapumua. Si upepo. Pumzi nzito, ndefu, kama mtu amefungua kokoi la gari kubwa. Kimya. Halafu pumzi nyingine, ndogo, ya haraka. Harufu ikatufikia, harufu ya samaki waliolala.

Wenzangu wakaamka wote kwa pamoja. Wa kwanza akapiga kelele, "Jini!" Wa pili akasema ni papa, kashikeni panga. Wa tatu akasema tumeburuzwa, tuko juu ya mwamba, hayo ni mawimbi yanapasuka. Akarukia kamba ya mashine ili aiwashe tutoke.

Watatu, kitu kimoja, majina matatu. Nimelifikiria jambo lile miaka mingi. Yule wa jini alikuwa amelelewa kwa hadithi za majini. Yule wa papa, nduguye aliwahi kuumwa na papa. Yule wa mwamba alikuwa amevunjikiwa na chombo mwaka uliotangulia. Kila mmoja alitaja kile alichotoka nacho nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyetaja kilichokuwa majini.

Nahodha hakupaza sauti. Akamshika yule wa mashine mkono, akaniuliza mimi, "Mwenye zamu, umeona nini?"

Nikamwambia, "Mzee, sijaona. Nimesikia pumzi. Mbili. Moja kubwa, moja ndogo. Zinatoka kusini, zinakuja upande wa wavu. Kama pima 30."

Akasikiliza. Pumzi ikaja tena, kubwa halafu ndogo. Akasema, "Nyangumi na mwanawe. Mashine isiwashwe. Vuteni jarife, polepole, bila kishindo."

Tukavuta. Na tulipokuwa tunavuta nikawaona, maana maji yaliwaka pembeni mwao. Kwanza mng'ao mdogo, wa urefu kama nusu ya chombo chetu. Halafu chini yake mng'ao mwingine ambao haukuisha. Ulianza mbele ya omo na bado haujamalizika nyuma ya tezi. Yule mkubwa akapanda taratibu, akajiweka katikati, baina ya mtoto wake na sisi. Akapumua, matone yakatuangukia. Wakapita. Hatukuguswa hata ubao.

Wanaosoma mambo ya bahari wanatueleza walikuwa nani. Wale ni nyangumi wenye nundu. Hutoka bahari baridi za kusini, karibu na Antaktika, wakasafiri maelfu ya kilomita hadi maji yetu ya vuguvugu, na hapa pwani huonekana kuanzia mwezi wa saba hadi wa kumi hivi. Mkubwa hufika mita 13 au 15, na uzito karibu tani 30. Mtoto huzaliwa akiwa na mita 4 hivi. Na nyangumi si samaki. Ananyonyesha. Anavuta hewa kama wewe, lazima apande juu apumue, na mtoto hupanda mara nyingi kuliko mama. Mama huyo kwa miezi hiyo anakula kidogo sana au hali kabisa, huku anamnyonyesha mtoto maziwa yenye mafuta mengi. Anakonda ili mwanawe anenepe.

Huyo ndiye aliyeitwa jini.

Sasa fikiri. Kama mashine ingewashwa gizani, propela ingepita wapi? Juu ya mgongo wa mtoto. Na mama wa tani 30 angefanya nini? Hapo hata jina la chombo chetu lisingepatikana. Hatari usiku ule ilikuwepo, kweli, lakini haikutoka majini. Ilikuwa mkononi mwa mtu aliyeshika kamba ya mashine kwa sababu ya neno moja lililosemwa vibaya.

Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

3. Mlinzi wa Daudi

Fungua 2 Samweli 18. Mfalme Daudi ameketi kati ya malango mawili, anangoja habari za vita. Mwanawe Absalomu yuko vitani upande wa pili. Mlinzi amepanda juu ya paa la lango. Anaona mtu anakimbia peke yake. Anamwambia mfalme hilo tu: mtu, peke yake, anakimbia. Kisha anaona wa pili, anamwambia hilo. Kisha wa kwanza anakaribia, na sasa mlinzi anasema mwendo wake unafanana na mwendo wa Ahimaasi mwana wa Sadoki.

Unaona huyu mtu alivyo mwaminifu? Hakusema, "Mfalme, naona habari njema." Hakusema, "Mfalme, mwanao amekufa." Hakujua. Alisema kwa kadiri alivyoona, na alipoona zaidi, akasema zaidi. Hata jina alipolitaja alisema linafanana. Huyo ndiye mlinzi unayeweza kulala akiwa juu ya paa.

4. Hofu ikivaa kanzu ya nabii

Sasa niseme lililonileta. Na nitalisema kwa upole, lakini nitalisema.

Sisi wa Kilifi hatuhitaji kusimuliwa. Tumezika wazee. Wameuawa kwa mapanga usiku kwa sababu mtu alisema ni wachawi. Huko Ganze kuna makao ya Kaya Godoma ambako wazee waliotishiwa kuuawa wamepewa hifadhi. Mzee mwenye wajukuu anaishi ugenini, kwa kuwa boma lake mwenyewe limemgeukia. Ushahidi ulikuwa nini? Macho mekundu. Nywele nyeupe. Anaongea peke yake. Mtu ambaye amepika kwa kuni miaka 50 kwenye jikoni lisilo na dirisha, macho yake yawe ya rangi gani? Na mara nyingi ukichimba kidogo, chini ya hayo macho mekundu utakuta shamba, na mtu anayelitaka.

Nisikilize vizuri. Mimi ni mhubiri wa Kipentekoste. Naamini pepo wako, naamini wanatoka kwa jina la Yesu, naamini karama ya unabii haijakoma. Paulo anawaambia Wathesalonike wasidharau unabii, na palepale anawaambia wajaribu mambo yote. Hayo mawili hayagombani. Yanatembea pamoja kama pumzi kubwa na ndogo.

Miezi iliyopita, baada ya kesha, kijana mmoja aliletwa kwangu na jamaa zake. Nimebadilisha mambo machache ili wasitambulike. Alikuwa ameona maono, wakasema, na maono yameonyesha hawe, yaani nyanya yao, ndiye amefunga biashara ya mjukuu mwenye bodaboda. Nyumbani maneno yalikuwa yameshaanza. Vijana wawili walikuwa wameshasema huyu bibi "atajua".

Nikamwuliza kijana, "Mwanangu, umeona nini?"
Akasema, "Nimeona nyanya amesimama mlangoni, usiku."
"Alikuwa ameshika nini?"
"Kibatari."
"Alisema neno?"
"Hapana, mchungaji."
"Alimtazama nani?"
"Alikuwa anatazama barabarani."
"Basi nani amesema kwamba amefunga biashara?"

Kimya. Wakatazamana. Hayo ya biashara hakuna aliyeyaona. Yalikuja na watu kutoka nyumbani.

Nikaenda kumwona yule mama, mimi na mama mchungaji na mzee mmoja wa kanisa. Tukamsalimu, tukaketi, tukanywa chai. Nikamwuliza, "Hawe, nasikia usiku huwa hulali?" Akacheka. Akasema, "Nitalalaje, na huyu mtoto anarudi na pikipiki saa saba, saa nane? Nasimama pale na taa mpaka nisikie mlio wake. Akishaingia, nalala."

Mpendwa, maono ya yule kijana yalikuwa ya kweli! Kulikuwa na bibi, mlangoni, usiku, ana taa. Lakini kanisa lilikuwa karibu kumwua mlinzi wa boma kwa kumwita mchawi. Alikuwa amejiweka katikati, baina ya giza na mtoto wake.

Hata kuhani Eli alimtazama Hana akiomba, midomo inachezacheza, akamwambia amelewa. Mtumishi wa Mungu, ndani ya hekalu, akamwita mlevi mwanamke aliyekuwa anamimina moyo. Lakini Eli alifanya jambo moja zuri: alimpa Hana nafasi ya kujibu, na alipojibu, Eli akaacha neno lake akambariki. Je, sisi tumewapa wazee wetu nafasi ya kujibu? Torati inataka mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajahukumiwa. Paulo anamwagiza Timotheo vilevile asipokee shtaka juu ya mzee bila mashahidi wawili au watatu. Ndoto ni shahidi wa ngapi? Na amri ya tisa inakataza kumshuhudia jirani uongo. Haisemi isipokuwa umeota.

5. Mlinzi mkuu alikuwa mlimani

Marko anaongeza neno ambalo Mathayo hakuliandika. Anasema Yesu, akiwa nchi kavu, aliwaona wanafunzi wakitaabika kupiga makasia. Wao hawajamwona, yeye ameshawaona. Wao wako zamuni chomboni, yeye yuko zamuni mlimani. Na walipolia, hakuwaacha na jina baya walilompa. Mara hiyo akasema nao, akawatuliza, akajitambulisha, akaingia chomboni, upepo ukakoma.

Kwa hiyo huna haja ya kubahatisha gizani. Zaburi 121 inatuhakikishia kwamba anayekulinda hasinzii wala halali. Ukiona usichokielewa, huna deni la kukipa jina usiku huohuo. Ngoja. Sikiliza. Mwite Bwana. Aliye wa Mungu atajitambulisha, na aliye adui naye hatafichika mbele ya Yesu. Mlinzi anayejua kuna Mlinzi juu yake hana haraka na kamba ya mashine.

Agizo la wiki hii

Kwanza, kwenye kesha ya Ijumaa, mtu akipata ono alete kwa wazee wa kanisa, aseme alichokiona tu. Tafsiri tutaipima pamoja. Jina la mtu halitatajwa kwenye maikrofoni. Hilo ni agizo, si ombi.

Pili, kila kikundi cha nyumbani kimtembelee mzee mmoja aliye peke yake. Bebeni unga, sukari, sabuni. Ketini. Mwulizeni usiku wake ukoje.

Tatu, kama kuna mzee ambaye jina lake limeanza kusemwa kijijini kwenu, usingoje Jumapili. Njoo kwangu, na nenda kwa chifu, leo. Hapo ndipo Ezekieli 33 inakuhusu. Upanga unakuja, na wewe umeuona.

Maombi

Baba, katika jina la Yesu, tupe macho yanayoona na ulimi unaosema kweli. Utusamehe kama kanisa pale hofu yetu ilipovaa kanzu ya unabii. Wafunike wazee wetu walio mafichoni usiku huu, na wale wanaosimama milangoni na taa kwa ajili yetu. Tufundishe kungoja mpaka tuisikie sauti yako. Amina.

Maswali ya kikundi cha nyumbani

1. Soma Mathayo 14:26. Wanafunzi waliona nini, na walisema nini? Tofauti ilitoka wapi?
2. Mlinzi wa Daudi alitoa habari hatua kwa hatua. Ungependa nani atoe habari zako namna hiyo?
3. Je, kuna mtu katika boma au mtaa wenu aliyepewa jina bila kupewa nafasi ya kujibu? Mtafanya nini kabla ya Ijumaa?